Dawa ya Presha kwa Mtu Asiye na Presha

Juzi alinijia fundi wa majahazi kutoka Matondoni, mkononi ana pakiti ya enalaprili ambayo hata haijafunguliwa. Aliketi barazani nje ya duka langu la dawa hapa Lamu, akangoja wateja wapungue, ndipo akasema: "Mwanangu, shika dawa yenu. Mimi nina sukari, presha sina. Nimepimwa mara tatu."

"Ni kweli, Ami, presha huna," nikamjibu. "Lakini mkojo wako una protini." Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya misumari akajibiwa habari za mvua.

Kosa ni letu sisi wafamasia. Tunaandika "presha" juu ya bahasha kwa kuwa ndiyo kazi maarufu ya kidonge hicho, kisha tunashangaa mgonjwa anapokirudisha. Kwa hiyo nilimweleza kwa kifumbu cha kuchujia tui, na nitaeleza hapa vilevile.

Figo moja ina machujio yapatayo milioni moja, na kila chujio ni fundo la mishipa myembamba ya damu. Damu inaingia kwa mshipa mmoja na kutoka kwa mwingine. Anayejua kupika anajua kuwa kifumbu ukikikamua kwa nguvu za wastani, tui linatoka safi. Ukikikaza kupita kiasi, tena kila siku, ukili unalegea na chicha zinapita. Sukari ikiwa juu kwa miaka, mshipa wa kuingilia hupanuka, damu ikamiminika kwa wingi. Wakati huohuo, kemikali iitwayo anjiotensini ya pili hufinya ule mshipa wa kutokea. Fundo linabaki limebanwa katikati. Protini inayovuja kwenye mkojo ndiyo chicha zenyewe. Mashine ya presha hupima mkono, haipimi fundo hilo, ndiyo maana fundi wangu alipata namba nzuri mara zote tatu huku figo zake zikiumia.

Anjiotensini ya pili haiji hivihivi. Inaanza kama mnyororo wa asidi amino 10, usio na nguvu kubwa. Kimeng'enya kilichopo kwenye kuta za ndani za mishipa, hasa ya mapafu, hukata mbili za mwisho, na hizo 8 zinazobaki ndizo zinazofinya mishipa. Enalaprili, kaptoprili na ndugu zake hukizuia kimeng'enya hicho kisikate. Mshipa wa kutokea unalegea, fundo linapumua.

Chanzo cha dawa hizi ni sumu ya nyoka. Sérgio Ferreira wa Brazili alichunguza sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaca, akaipeleka London kwenye maabara ya John Vane katika miaka ya 1960. Kutokana na kazi hiyo, Cushman na Ondetti wa kampuni ya Squibb wakatengeneza kaptoprili, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Mwaka 1993 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 409 wa sukari ya aina ya kwanza waliokwisha kuvuja protini: waliopewa kaptoprili, hatari ya kufa, kusafishwa damu kwa mashine au kuhitaji figo mpya ilipungua kwa nusu.

Si kila mwenye sukari anahitaji kidonge hiki. Kama presha ni ya kawaida na mkojo hauna protini, sioni sababu ya kukianza. Ndiyo maana kipimo cha mkojo kila mwaka nakipigia kelele kuliko dawa yenyewe.

Kuna kimeng'enya kingine kilichotupa matumaini makubwa, kile kinachogeuza sukari ya ziada kuwa sorbitoli ndani ya macho na neva. Kwenye karatasi, kukizuia kulionekana ndilo jibu. Kwa wagonjwa, dawa nyingi za aina hiyo zilishindwa au zikadhuru. Epalrestati inatumika kwa neva Japani na nchi nyingine chache za Asia, kama China na India, basi. Statini, zinazozuia kimeng'enya cha kutengenezea kolesteroli, zina ushahidi mzito zaidi kwa moyo na kiharusi, nazo nitaziandikia siku yake.

Sasa kikohozi. Kimeng'enya kile kinachozuiwa na enalaprili huvunja pia kemikali iitwayo bradikinini, na kikizuiwa, bradikinini hujaa na koo huwasha. Miaka ya nyuma nilimuuzia bibi mmoja dawa ya kikohozi chupa tatu, naye nyumbani akinywa tangawizi kwa asali, kabla sijakumbuka kuuliza anameza nini kingine. Bado naona haya. Kikohozi kikavu kisichoisha, rudi kwa daktari akubadilishie, mara nyingi iwe losartani. Midomo au ulimi ukivimba, usije dukani kwangu: acha dawa, kimbilia hospitali. Mwenye mimba au anayeitarajia asiitumie kabisa.

Halafu potasiamu. Dawa hizi huipandisha, na figo iliyochoka haiwezi kuitoa vizuri. Madafu matatu kwa siku na tende sahani nzima wakati wa futari si mchezo kwa mtu wa namna hiyo. Ukishikwa na tumbo la kuhara au kutapika, mpigie daktari usimamishe dawa kwa muda, maana mwili mkavu na dawa hii vikikutana, figo ndizo zinazolipa.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kalamu yangu, akafuta "presha" kwenye bahasha, akaniambia niandike "figo". Lililobaki lilikuwa kipimo cha damu cha kreatinini (taka inayoonyesha figo zinachuja vipi) na potasiamu baada ya wiki mbili. Yeye alitaka kije baada ya kushua jahazi lake, huenda mwezi ujao. Tulibishana pale barazani mpaka adhana ya alasiri, tukaafikiana wiki mbili, ila asubuhi, kabla maji hayajajaa.