Koha Imeleta Shida? Ripoti, Usiichokoe Sava

Assalam alaikum ndugu zangu wakutubi, walimu na vijana wa kompyuta wa Amu yote, toka Mkomani na Langoni mpaka Shela na Mokowe. Tangu tupandishe toleo jipya la Koha, ile programu ya bure ya kuendeshea maktaba, simu ya kitengo haipoi, na malalamiko mengi ni ya haki, lakini vile yanavyotufikia ndo kazi. Mtu anatuma voisi ya dakika nne, "mfumo mbovu, tengenezeni", basi. Mbovu wapi? Kitabu kilikuwa kinaazimwa au kinarudishwa?

Na hili la "ya bure ndo maana mbovu" naomba tuliache. Koha ilitengenezwa New Zealand, ikaanza kutumika maktaba za Horowhenua mwanzoni mwa 2000, na jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi, ile ambayo aliyepokea naye hurudisha kitu.

Kiraka, yaani marekebisho ya kodi (maandishi yanayounda programu), hakiingii kwa sababu mkubwa fulani amepiga simu. Kwanza hitilafu inafunguliwa kwenye Bugzilla ya mradi, daftari la hitilafu la mtandaoni, inapata namba. Anayejua kodi anaandika kiraka anakiweka hapohapo, halafu lazima mtu mwengine, si yule aliyeandika, akijaribu na atie sahihi kwamba kimefanya kazi, kisha wakaguzi wa ubora wanakipitia tena, kikifeli kinarudi kwa mwandishi, kikipita msimamizi wa toleo anakiingiza kwenye kodi kuu, na baada ya hapo wasimamizi wa matoleo ya nyuma wanaangalia kama kinafaa kushushwa mpaka kwenye toleo lako. Matoleo makubwa ni mawili kwa mwaka, Mei na Novemba, ndo utaona 24.05 na 24.11, na marekebisho madogo hutoka kama kila mwezi. Kitu kipya unachotamani kiongezwe mara nyingi kitangoja toleo kubwa. Kwa hivyo hitilafu ya Ijumaa haitapona Jumatatu, hili nimeshalieleza mara nyingi na bado naulizwa.

Kutia sahihi ya majaribio si lazima uwe programa, kuna Koha za majaribio zinafunguka kwenye brauza, unapachika kiraka, unafuata hatua zilizoandikwa, unasema kimekubali au kimekataa. Mkutubi anayeazimisha vitabu kutwa ataona kasoro ambayo mwandishi wa kodi hawezi kuiona, na mimi ningefurahi sana kuona sahihi za watu wa Amu mle.

Lakini msiguse kodi kwenye sava inayofanya kazi. Kuna shule moja kijana alibadilisha faili kwa mkono ili faini za wanafunzi zihesabiwe sawa, ikakubali, akanyamaza. Apdeti iliyofuata ikafuta kila alichoandika, faini zikaharibika tena, na hakuna aliyejua kwa nini maana hakuandika popote. Nia yake ilikuwa njema, hilo nalijua. Ila hata Matondoni kwa mafundi, jahazi halikalafatiwi likiwa na tanga juu, hupwelezwa kwanza.

Ukigundua mwanya wa usalama, usiurushe kwenye grupu. Bugzilla ina sehemu iliyofungwa kwa mambo hayo, wanaiona wachache mpaka kiraka kitoke. Wala usiujaribu kwenye sava ya mtu: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inasema kuingia bila idhini ni faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Na taarifa za wasomaji zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mjue, na adhabu ya taasisi inafika milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Haya nayasema kwa ujumla tu, kesi yako muulize wakili.

Kwenye ripoti tuandikie namba ya toleo, ulibonyeza nini na nini kwa mpangilio, ulitarajia nini, kikatokea nini, na maneno ya kosa yanakiliwe yalivyo. Skrinshoti karibu, ila ziba majina na namba za simu za wasomaji kabla hujatuma, kuna zilizotufikia wiki hii zina wanafunzi wa darasa zima na tumezifuta.