Kuzamia Pwani: Masikio, Mapafu na Treni ya Usiku

Sikio linaniuma nikishuka mita mbili tatu tu. Nina ugonjwa?

Huenda huna. Maji yanaibana hewa iliyo ndani ya sikio, na kila mita 10 huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Bana pua, funga mdomo, sukuma pumzi polepole kuelekea puani mpaka usikie masikio yanazibuka. Fanya hivyo kabla halijauma, na urudie kila unaposhuka mita moja hivi. Likigoma, panda kidogo ujaribu tena; kulazimisha ndiko kunakopasua ngoma ya sikio. Mwenye mafua abaki ufukweni ale madafu. Dawa ya kuzibua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikakosa pa kutokea unapopanda.

Mbona mwalimu anarudia "usizuie pumzi" kila dakika?

Chukua puto ulilolijaza hewa ukiwa mita 10 chini. Likifika juu limekuwa kubwa mara mbili. Mapafu yaliyofungiwa hewa ya mtungi wa kuzamia hutaka kufanya vivyo hivyo, na hayana nafasi. Mapafu yanaweza kuchanika hata kwa kupanda mita chache. Wageni wengi huogopa kushuka, kumbe kinachoumiza zaidi ni kupanda kwa pupa.

Nimezamia Diani siku tatu mfululizo, leo mchana ndiyo mara ya mwisho. Usiku nina treni ya Nairobi. Naambiwa ni ndege tu inayokatazwa.

Ahirisha tiketi. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta huyeyuka kwenye damu na mafuta ya mwili. Hutoka taratibu, kwa saa nyingi. Mgandamizo ukipungua ghafla inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa. Ndege hupunguza mgandamizo, lakini hata mlima hupunguza: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Mwili haujui kama umepanda kwa bawa au kwa reli.

Kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau 18 ukizamia mara kadhaa au siku kadhaa. Saa 24 ni bora zaidi. Kwa hiyo anayepanga kuzamia kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, na kutembelea mbuga katika likizo moja aanze na mbuga, amalizie na bahari. Mawakala wengi huuza ratiba kinyume chake, kwa sababu ufukweni ndiko watu wanakopenda kupumzikia mwisho.

Nitajuaje kama mapovu yameshanipata?

Bega au kiwiko kinauma bila kuteguka. Ganzi, vipele, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, miguu kulegea, mkojo kugoma. Huweza kuanza dakika chache baada ya kutoka majini, au saa nyingi baadaye. Wavuvi wanaozamia majongoo bahari kwa mitungi wanaujua ugonjwa huu kwa miili yao. Wengine wamebaki na miguu iliyopooza, na mtaani utasikia amechezewa na jini.

Mlaze chali, apewe oksijeni safi, anywe maji kama ana fahamu na hatapiki, akimbizwe hospitali. Mwambieni daktari waziwazi kwamba alizamia, kina gani na saa ngapi, maana tiba yenyewe ni chemba ya mgandamizo, chumba kinachoongezwa mgandamizo wa hewa kisha ukapunguzwa taratibu. Asirudishwe majini "kuyeyusha mapovu".

Mimi ni miwani na mrija tu. Nina cha kuogopa?

Jua la mgongoni, kwanza: vaa fulana. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mkondo kwenye milango ya miamba unaweza kumshinda muogeleaji hodari, basi muulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi. Mwenye moyo mbovu aonane na daktari kwanza. Mjamzito asizamie kwa mtungi, ila kuelea juu na mrija maji yakiwa matulivu si tatizo kwa mimba isiyo na shida.

Nimekanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, mguu unawaka moto.

Uchovye kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Asiyeumia ndiye ayapime kwa mkono, maana wewe kwa maumivu hayo hutasikia ukiungua. Kisha nenda zahanati wakaangalie kama mwiba umebaki ndani, na uulize sindano ya pepopunda.