Usiseme "ni uzee tu": afya ya mbwa na paka wanaozeeka

Hakuna maneno yanayochelewesha matibabu ya mbwa na paka kama haya: "Ni uzee tu, daktari." Mwenye mnyama huyasema kwa nia njema kabisa. Mbwa hapandi tena ngazi, paka amekonda, mdomo unanuka, basi umri umefika. Kumbe mara nyingi nyuma ya dalili hiyo kuna ugonjwa unaotibika, na muda wa kuutibu kwa urahisi unapita huku uzee ukisingiziwa.

Tuanze na umri wenyewe. Ile hesabu ya kuzidisha miaka ya mbwa kwa 7 haifai. Mwaka wa kwanza pekee humfikisha mnyama kwenye rika la mtu wa miaka 15 hivi, na akitimiza miaka 2 yuko kama mtu wa miaka 24. Kuanzia hapo kwa mbwa umbo ndilo linaloamua: mkubwa huanza kuzeeka akiwa na miaka 6 au 7, mdogo hufika 9 au 10. Paka huhesabiwa mzee anapokaribia miaka 11. Ndiyo maana mnyama kijana tunamwita kliniki mara moja kwa mwaka, ila mzee tunataka kumwona kila baada ya miezi 6.

Paka ndiye anayetusumbua zaidi, maana ni hodari wa kuficha maumivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikagua picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, na 90 kati yao walikutwa na viungo vilivyochakaa. Hata hivyo ni nadra mtu kutuletea paka akisema anachechemea. Paka wa namna hii hachechemei, anaacha tu. Anaacha kurukia dirishani. Anaacha kujilamba mgongoni karibu na mkia, manyoya ya hapo yanashikamana mafundo mafundo. Anaacha kunoa kucha. Mshike mguu umtazame: kucha za mzee huwa nene, zimejikunja kama ndoano, na wakati mwingine ncha imeshazama kwenye nyama ya wayo. Nyumbani anaitwa mvivu, kumbe kila hatua inamchoma.

Figo nazo zina hila yake. Zina akiba kubwa ya uwezo, kiasi kwamba kipimo cha kawaida cha damu, kreatinini, hakipandi mpaka takriban robo tatu ya uwezo huo iwe imepotea. Kabla ya hapo dalili ni kiu na mkojo mwingi, vitu ambavyo wewe wa nyumbani unaviona kabla yetu. Jaza bakuli maji uliyoyapima, na baada ya saa 24 pima yaliyobaki. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, au paka anayezidi 50, ana sababu inayostahili kutafutwa. Huenda ni figo, huenda ni kisukari. Kwa jike ambaye hajatolewa kizazi huenda ni usaha kwenye mfuko wa uzazi, unaojitokeza wiki chache baada ya joto la kutaka dume, na huyo hasubirishwi hadi kesho.

Mizani nayo isikae bure. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na chini ya manyoya jicho halioni kitu. Akiwa anakonda huku anakula kwa pupa, tunafikiria kwanza tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi. Akilala fofofo, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja. Kwa mbwa na kwa paka isizidi 30. Ikizidi kila ukipima, moyo na mapafu vichunguzwe.

Unene ni kinyume chake, na hapa lawama ni yetu sisi tunaotia chakula bakulini. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador Retriever walifuatiliwa maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka 2 zaidi ya wenzao, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Sijui kidonge chochote kinachofanya kazi hiyo.

Yako mambo ambayo kweli ni ya umri: mvi mdomoni, usingizi mrefu, na ule ukungu wa kibuluu kwenye mboni za mbwa mzee. Watu wengi huudhani mtoto wa jicho, lakini aghalabu ni lenzi iliyokomaa tu na mnyama bado anaona. Daktari atautofautisha kwa tochi.

Majira hubadilika, ratiba haibadiliki. Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa hata kwa mzee, na hata kwa paka asiyetoka nje. Kupe na viroboto huzidi wakati wa joto na unyevu. Mng'oe kupe kwa kibano karibu na ngozi, usimchome moto. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini usimpake paka hata tone, huweza kumuua. Jua kali likiwaka, tembeza mbwa alfajiri au jioni, hasa mwenye pua fupi, kwani hupoza mwili kwa kuhema na pua hiyo haimsaidii.

La mwisho ni kabati la dawa. Ukishatambua kwamba mnyama wako anaumia, usimpe dawa zako. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua paka, na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Dawa za maumivu za wanyama zipo, na kipimo chake hutegemea uzito na hali ya figo, kwa hiyo njoo naye kliniki, na kama nyumbani anachechemea au anajikokota, mrekodi kwa simu. Mbele ya daktari wengi hujikaza.