Simulesheni ya jeshi ikisema "tutashinda", uliza modeli yake ilikuwa gani

Hapa Kampala watu wakisikia jeshi linafanya simulesheni wanafikiri ni gemu kubwa ya kompyuta, vijana wamekaa wanalipua vifaru kwenye skrini basi. Mimi kazi yangu ni kufundisha mambo haya na kila nikiongea na raia maswali ni yale yale, kwa hivo wacha niyaeleze hapa pole pole.

Modeli ni kitu halisi kilichorahisishwa. Inaweza kuwa ile ramani ya mchanga ambayo kila afande aliyepita kozi anaijua, inaweza kuwa hesabu tu kwenye karatasi. Simulesheni ni pale unaichukua ile modeli unaiendesha, saa inatembea, matukio yanafuatana. Modeli inaweza kukaa yenyewe bila simulesheni, lakini simulesheni isiyo na modeli ndani hakuna. Alafu kuna mchezo wa vita, huo unataka watu wenye kuamua, na ni wa zamani sana, maafisa wa Prussia (dola ya zamani ya Wajerumani) walikuwa wanaucheza mezani tangu 1824 kwa ramani, vibao na dadu.

Sasa tuangalie modeli moja kwa karibu maana hapa ndio utamu ulipo. Mwaka 1916 injinia Mwingereza Frederick Lanchester alitoa hesabu za vita ambazo mpaka leo zinafundishwa. Tuseme upande mmoja una watu 100, mwingine 60, silaha sawa, shabaha sawa, na kila mtu anamwona kila adui na anaweza kumlenga. Unachukua mraba wa 100 ambao ni 10,000, unatoa mraba wa 60 ambao ni 3,600, inabaki 6,400, kipeuo chake cha pili ni 80. Maana yake wale 60 wakiisha wote, upande wa pili bado una watu 80 wamesimama, wamepoteza 20 tu! Haya, badilisha kitu kimoja, sema wanapigana kwenye njia nyembamba mmoja kwa mmoja, wengine wanangoja zamu nyuma. Hapo mraba hauingii, unatoa 60 kwenye 100, wanabaki 40. Watu ni wale wale, bunduki zile zile, lakini hesabu moja inasema wale 100 wamepoteza 20, nyingine inasema 60, na hakuna aliyekosea hesabu. Tofauti yote iko kwenye dhana ya mwanzo, na dhana ya mwanzo kwa kawaida imefichwa kurasa za nyuma ambako mkubwa hafiki.

Hizo hesabu ukizirudia mara elfu jibu halibadiliki. Zipo modeli nyingine za bahati nasibu, risasi inaweza kupata au kukosa, kwa hivo unaiendesha mara nyingi sana unaangalia majibu yanaangukia wapi. Njia hiyo inaitwa Monte Carlo, ilikuzwa Los Alamos kule Marekani miaka ya 1940 na kina Stanislaw Ulam na John von Neumann. Mtu akikuletea matokeo ya modeli ya namna hii na ameiendesha mara moja tu, mrudishe.

Kitu kingine kinachodanganya watu ni picha nzuri. Wataalam wanatenganisha rezolusheni na fideliti. Rezolusheni ni umeonyesha vitu kwa udogo gani, batalioni nzima kama alama moja ama kila askari na bunduki yake. Fideliti ni kitu chenyewe kinafanana na ukweli kiasi gani. Unaweza kumwona askari mpaka kifungo cha shati lakini programu inampandisha Rwenzori na mzigo mgongoni kwa mwendo ule ule wa barabara ya Entebbe, sasa hiyo inakusaidia nini?

Kwa aina, zinagawanywa tatu. Ya kwanza watu ni wa kweli na vifaa ni vya kweli, wako porini wanakimbia, risasi tu ndio si za kuua. Ya pili mtu ni wa kweli lakini ndege au kifaru ni cha kuigiza, kama rubani kwenye simuleta. Ya tatu majeshi yote yako ndani ya kompyuta na maafisa wanatoa amri tu, hii inafaa mazoezi ya makao ya kamandi. Zote tatu zinaweza kuunganishwa, kiwango cha HLA (kanuni za kuunganisha simulesheni tofauti) ambacho IEEE, chama cha kimataifa cha mainjinia, ilikipitisha mwaka 2000 kinaita muungano huo shirikisho, ila hapo usifikirie Shirikisho la Afrika Mashariki, lenyewe bado tunalingoja.

Alafu kuna hatua tatu ambazo mimi naziona kubwa kuliko yote ya juu. Uhakiki: je, programu inafanya kile kilichoandikwa? Uthibitishaji: je, kile kilichoandikwa kinafanana na dunia kwa kazi tunayoitaka? Idhini: mkubwa gani ametia sahihi kwamba itumike, na kwa kazi ipi? Rudi kwa Lanchester. Kompyuta ikitoa 80, uhakiki umepita. Lakini ukiipeleka modeli hiyo hiyo kwenye vichochoro vya Mogadishu, mji ambao askari wetu wameujua tangu Machi 2007, ambako adui humwoni mpaka amepiga, uthibitishaji umeanguka, na sahihi ya kazi nyingine haikusaidii.

Mfano unaojulikana ni zoezi la Marekani la Millennium Challenge mwaka 2002, la kujaribu mbinu mpya za vita. Jenerali mstaafu Paul Van Riper aliongoza upande mwekundu, yaani adui. Redio aliziacha, akatuma ujumbe kwa pikipiki (boda kabisa), akashambulia kwa ghafla, meli 16 za upande wa bluu, yaani Wamarekani wenyewe, zikazama kwenye kompyuta. Wasimamizi wakazielesha tena zoezi likaendelea, na baadaye upande mwekundu ukawekewa mipaka mpaka Van Riper akaacha kuuongoza. Wengi wanacheka hapo kwa meli zilizofufuka. Mimi meli hazinisumbui, maelfu ya watu walikuwa wamepangiwa kufanya mazoezi na huwezi kuwarudisha nyumbani mapema. Kinachonisumbua ni kufunga mikono ya adui kisha matokeo yakachukuliwa kama ushahidi kwamba mbinu mpya zinafanya kazi, kwa sababu adui wa kwenye modeli aliyekatazwa kufikiri atapigwa na mbinu yoyote ile.