Majedwali ya takwimu kwa wasomaji wasioona: dhana potofu na ukweli

Anayeona hulisoma jedwali kwa jicho linalokwenda na kurudi: anaitazama namba, anapanda juu kuona kichwa cha safu, anageuka kushoto kuona mstari ule ni wa nini. Asiyeona husomewa seli moja baada ya nyingine na programu ya kusoma skrini, kama NVDA, JAWS au VoiceOver. Uhusiano wa namba na vichwa vyake anaupata pale tu ulipowekwa ndani ya muundo wa hati. Usipowekwa, anabaki na namba isiyo na mwenyewe. (Katika makala haya safu ni ile inayosimama, na mstari ni ule unaolala.)

Dhana: Vichwa vikikolezwa wino na kupakwa rangi, inatosha

Wino mzito na rangi haviiambii programu kwamba seli fulani ni kichwa. Katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kichwa huwekewa lebo ya th, na katika PDF ni lebo ya TH. Seli yenye lebo ya td, yaani ya takwimu, hata ikikolezwa vipi hubaki seli ya kawaida.

Tazama msomaji anavyotembea. Kwa NVDA na JAWS hubonyeza T kurukia jedwali linalofuata kwenye ukurasa, kisha hushika Ctrl na Alt pamoja na mishale kwenda seli kwa seli. Akienda kulia, hutajiwa kichwa cha safu aliyoingia pamoja na namba. Akishuka, hutajiwa kichwa cha mstari mpya. Kwa hiyo vichwa vya mistari vina uzito uleule wa vichwa vya safu, navyo ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Katika jedwali ambalo mstari wa juu pekee ndio wenye th, anayeshuka kwenye safu ya "Wasichana" husikia "41, 38, 44" na hajui ni darasa lipi. Itambidi kila mara arudi hadi mwanzo wa mstari, asikilize, kisha aanze tena safari ya kwenda kulia.

Tiba ni ndogo: andika scope="col" (yaani kichwa hiki ni cha safu) kwenye kila kichwa cha safu, na ifanye seli ya kwanza ya kila mstari kuwa th yenye scope="row" (ni cha mstari). Jina la jedwali liingie kwenye caption, kipengele cha jina la jedwali, si kwenye aya iliyo juu yake, ili litajwe msomaji anapolifikia jedwali lenyewe.

Na namba zilizopangwa katika Word kwa kubonyeza Tab au nafasi si jedwali hata kidogo. Programu itazisoma mfululizo kama sentensi, na hakuna seli za kutembelea.

Dhana: Jedwali gumu liwekwe kama picha yenye maelezo mbadala

Maelezo mbadala, yaani maneno yanayosomwa badala ya picha, ni utepe mmoja wa maneno. Msomaji hawezi kushuka kwenye safu moja, kulinganisha mistari miwili, wala kunakili namba. Seli 60 zikimiminwa humo, atasikiliza zote ili apate moja. Tuwape watu jedwali lenyewe. Muhtasari wa mwelekeo wa takwimu ni msaada mzuri, ila uwe aya ya kawaida kabla ya jedwali, mahali ambapo kila mtu ataufaidi. Sifa ya summary iliyotumika zamani katika HTML haimo tena katika HTML5.

Dhana: Kuunganisha seli hakuna tatizo, mradi jedwali lipendeze

Hapa ndipo majedwali mengi yanapovunjika. Chukua jedwali la wanafunzi: juu kuna "2022" na "2023", kila mwaka umetandazwa juu ya safu mbili, "Wavulana" na "Wasichana". Kushoto kuna madarasa. Namba 41 ina vichwa vitatu: 2023, Wasichana, Darasa la tatu. Msomaji akiipata na kusikia "Wasichana, 41" tu, hajui ni mwaka gani, kwa sababu neno hilo limo kwenye safu mbili.

Katika HTML kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuupa mwaka th yenye colspan="2" (inafunika safu mbili) na scope="colgroup" (ni kichwa cha kundi la safu), huku safu zikiwa zimegawanywa kwa vipengele vya colgroup. Ni safi, lakini programu za kusoma skrini haziishughulikii kwa usawa. Ya pili ni kukipa kila kichwa kitambulisho chake, kisha kuvitaja kwenye seli: headers="m2023 wsch23 d3". Hiyo huifunga namba na vichwa vyake moja kwa moja. Hatari yake ni matengenezo. Mtu akiongeza mstari kwa kunakili wa juu yake na kusahau kubadilisha d3 kuwa d4, jedwali litaonekana sahihi machoni huku masikioni likitaja darasa lisilo lake. Kichwa cha uongo ni kibaya kuliko kukosa kichwa, kwa sababu msomaji hana namna ya kushuku.

Word haina njia ya kueleza vichwa vya ngazi mbili. Ukiunganisha seli humo, utalazimika kuitengeneza PDF baadaye katika Acrobat, programu ya kuhariri PDF: fungua kihariri cha majedwali, chagua seli, ingia Table Cell Properties, iweke kuwa kichwa, kisha kagua Scope na idadi ya safu inazofunika.

Ushauri wetu ni kulinyoosha jedwali kabla ya kufika huko. Andika vichwa vinne kamili: "2022 wavulana", "2022 wasichana", "2023 wavulana", "2023 wasichana". Au ligawe kuwa majedwali mawili, kila mwaka na lake. Takwimu hazipotei, na hata anayesoma kwenye simu ndogo atashukuru.

Dhana: Word ikigeuzwa PDF, muundo huhama wenyewe

Inategemea umeigeuza vipi. Ukichapisha kwenda PDF kama unayetuma kwa printa, lebo zote hupotea. Hifadhi kwa Save As, chagua PDF, fungua Options na hakikisha Document structure tags for accessibility imewekewa alama. Kabla ya hapo, weka kishale kwenye mstari wa kwanza wa jedwali na ubonyeze Repeat Header Rows katika kichupo cha Layout. Katika Table Design, chagua Header Row na First Column. Kisha fungua PDF utazame mti wa lebo, yaani orodha ya lebo za muundo wa hati: usidhani safu ya kwanza imetoka kama TH mpaka uione.

Dhana: Seli tupu inajieleza

Tupu inaweza kuwa sifuri, au takwimu haikukusanywa, au mwandishi alisahau. Kistari peke yake huenda kisitamkwe kabisa, kutegemea kiwango cha alama ambacho msomaji amekiweka. Nyota ya tanbihi vilevile. Andika "0" au "hakuna takwimu". Na kama nyekundu inamaanisha hasara, neno "hasara" liwemo kwenye seli.

Dhana: Kikaguzi kimesema hakuna kosa, kazi imekwisha

Matterhorn Protocol, orodha inayotumika kupima PDF dhidi ya PDF/UA, kiwango cha PDF zinazofikika kwa wenye ulemavu, ina masharti 136 ya kushindwa. 87 yanaweza kupimwa na programu. 47 kwa kawaida yanahitaji uamuzi wa binadamu, na mawili yaliyobaki hayana jaribio maalumu. Kikaguzi huona kwamba TH ipo, hakijui kama imewekwa kwenye seli inayostahili.

Kwa hiyo pima kwa masikio. NVDA ni ya bure. Fungua hati, zima skrini, ruka hadi kwenye jedwali, shuka mistari mitatu, nenda kulia safu mbili, kisha sema namba uliyofikia ni ya nini, ya nani na ya mwaka gani. Aliyelitengeneza jedwali asiwe mpimaji pekee: atajibu kwa sura anayoikumbuka, si kwa alichosikia. Mpe mtu ambaye hajaliona.