Profoma mbili mkononi: bei ya upasuaji wa jinsia na yale ambayo karatasi haisemi

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kwenye simu huja kama picha. Profoma mbili, yaani makadirio ya bei kutoka hospitali, moja ya Bangkok na nyingine ya Delhi au ya Ulaya, na chini yake swali: "Dokta, hapa niende wapi?" Anayeuliza aghalabu ni mwanamke trans (aliyezaliwa akihesabiwa mwanaume) wa Nairobi, wa Dar au wa ughaibuni. Amejinyima kwa miaka, amecheza upatu, pengine ameuza kiwanja. Anataka kujua kama ile bei ya chini ni bahati au ni mtego.

Mimi ni mpasuaji wa njia ya mkojo. Nilianza Tanzania na fistula za uzazi, yale matundu ya kuvuja mkojo au kinyesi yanayobaki baada ya kujifungua kwa taabu. Sasa niko Ujerumani, kwenye kitengo cha upasuaji wa kujenga upya viungo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurekebisha upasuaji wa kuthibitisha jinsia uliofanyika kwingine. Kwa hiyo nisomeni mkijua hilo: waliofanyiwa vizuri hawana haja ya kuja kwangu, na ndio wengi.

Jibu langu kwa mwenye profoma mbili ni kwamba asianze na jumla iliyo chini ya karatasi. Aanze na swali moja: jambo likiharibika, nani atakulipia kurudi chumba cha upasuaji, na utarudi kwa nani? Nina sababu ya kulitanguliza swali hili kuliko lingine lolote.

Kila aliyefanya kazi ya fistula anajua kwamba jaribio la kwanza la kuiziba ndilo lenye nafasi kubwa ya kufaulu. La pili unashona kwenye kovu, na kovu lina damu haba. Kwenye kutengeneza uke mambo ni hayo hayo, ila makali zaidi. Njia inayotumika sana hadi leo ina asili yake Casablanca, kwa Dk. Georges Burou, aliyeanza mwaka 1956: ngozi ya uume hugeuzwa ndani nje na kuwekwa kwenye nafasi inayochimbwa kati ya tezi dume na utumbo wa mwisho. (Wagonjwa wake nao walivuka bahari na pesa taslimu mkononi. Biashara hii ilizaliwa ikiwa ya kusafiri.) Ngozi hiyo ikishatumika, imetumika. Ikifa kwa kukosa damu au uke ukisinyaa ukajifunga, hakuna ya akiba. Fundi cherehani akikosea kukata, utanunua kitambaa kingine. Hapa tunaingia tumboni kuchukua kipande cha utumbo mpana, au utando unaofunika ndani ya tumbo. Ni upasuaji mkubwa zaidi, hatari zake ni nyingi zaidi, na bei yake mara nyingi hupita ile ya kwanza. Aliyeokoa dola 4,000 mwanzoni anaweza kujikuta anatafuta nyingine 20,000.

Hapo wengi huhitimisha kwamba basi ghali ndiyo salama. Sivyo. Bangkok, upasuaji wa uke huanzia karibu dola 10,000 na kufika 20,000 au zaidi kwa wapasuaji wenye majina. Marekani, asiye na bima anaweza kulipa mara mbili ya hapo. Tofauti hiyo haitokani na mkono wa daktari. Inatokana na mishahara, bei ya kitanda, na bima ambayo daktari wa Marekani hujikatia dhidi ya kushtakiwa. Thailand wamefanya kazi hii tangu miaka ya 1970, na wako wapasuaji kule ambao wameifanya mara nyingi kuliko idara nzima za vyuo vikuu vya Ulaya. Nimeona kazi zao, na zipo ambazo mimi mwenyewe ningejivunia.

Huku Ujerumani bima ya afya ya umma inaweza kulipa, lakini unalipa kwa njia nyingine: barua za wataalamu, miezi ya tiba ya kisaikolojia, maombi yanayokataliwa na kukatiwa rufaa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Shirikisho ya Masuala ya Kijamii ya Oktoba 2023, iliyotaka tiba hizi zipitiwe upya kama mbinu mpya ya matibabu, baadhi ya bima zimekuwa nzito zaidi kuidhinisha. Afrika Kusini, hospitali ya umma ya Groote Schuur mjini Cape Town ina kliniki yenye sifa ya muda mrefu, lakini foleni ya upasuaji inahesabiwa kwa miaka mingi. Mtu wa miaka 40 aliyechoka kungoja simlaumu akichukua ndege.

Sasa turudi kwenye karatasi. Profoma moja niliyoletewa majuzi ilikuwa na mistari saba: ada ya mpasuaji, dawa ya usingizi, siku sita za kulazwa, hoteli wiki mbili, gari la kupokelewa uwanjani, nesi wa kutembelea hotelini, "zawadi ya ukumbusho". Sikuelewa hiyo ya mwisho hadi nilipoambiwa ni mkoba wenye nembo ya kliniki. Vitu ambavyo havikuwemo ni vingi kuliko vilivyokuwemo. Hakukuwa na damu ya kuongezewa, wala gharama ya kurudi chumba cha upasuaji usiku huohuo ukivuja damu, wala siku za nyongeza wodini. Vifaa vya kupanulia uke, ambavyo utavitumia mara kadhaa kwa siku miezi ya mwanzo na baadaye kwa kupunguza mwaka hadi mwaka, havikutajwa. Kuondoa nywele hakukutajwa kabisa.

Hilo la nywele linadharauliwa sana. Ngozi ya uume isipotosha, mpasuaji huongezea ngozi ya mfuko wa korodani, na ngozi ile ina vinyweleo. Visipoondolewa kabla, kwa leza au elektrolisisi, nywele zitaota ndani ya uke na kuleta uchafu, harufu na maambukizi, na kuzitoa huko ni kazi ngumu. Wapo wapasuaji wanaokwangua mizizi ya nywele wakati wa upasuaji wenyewe, na wengine wanafanya vizuri; waulize waziwazi. Ukiambiwa uondoe mwenyewe kabla ya kusafiri, hiyo ni miezi mingi ya miadi na pesa yake kando. Iandike kwenye hesabu.

Bei pia hubadilika kwa hatua. Kliniki nyingi za Ujerumani hutengeneza uke kwa hatua mbili: kazi kubwa kwanza, kisha marekebisho ya umbo baadaye. Bangkok aghalabu ni mara moja. Ukilinganisha bei ya hatua moja ya huku na bei kamili ya kule, hujalinganisha kitu.

Si kila upasuaji una hesabu sawa. Kwa wanaume trans wanaoondoa matiti, mimi huwaambia wabane pesa bila hofu. Ni kazi ambayo mpasuaji mzuri wa matiti, hata asiye na jina kwenye mitandao, anaimudu. Tatizo la mapema linalotokea zaidi ni damu kuvilia ndani, na mara nyingi huonekana siku ya kwanza, kwa hiyo muhimu ni kulala karibu na hospitali na mirija ya kutolea damu iangaliwe. Jina kubwa hapo linakuongezea kidogo sana: pengine kovu lililonyooka zaidi, pengine chuchu zilizokaa sawa.

Kutengeneza uume ni habari nyingine kabisa. Njia ya kutumia ngozi ya mkono, iliyoelezwa na Chang na Hwang wa China mwaka 1984, inakata kipande cha ngozi pamoja na mishipa yake ya damu na neva, kinakunjwa kuwa bomba ndani ya bomba, kisha mishipa inaunganishwa kinenani chini ya hadubini. Usiku wa kwanza nesi anakuja karibu kila saa: anagusa kama ngozi ina joto, anaibonyeza kuona rangi inarudi kwa kasi gani, anaweka kidude cha Dopla kusikiliza kama damu inapita. Ule mvumo ukinyamaza, kuna saa chache tu za kurudi kufungua mshipa ulioziba. Hospitali inayopunguza bei kwa kupunguza manesi wa usiku imepunguza kitu kilekile ulichokuwa unanunua. Na matatizo ya njia ya mkojo baada ya upasuaji huu, kuvuja au kuziba, ni ya kawaida hata kwa mabingwa. Anayekupa bei moja ya "yote kwa mara moja", na hagusii marudio, ama hajafanya nyingi au hasemi.

Kizuri chajiuza, wanasema wahenga, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii vyote viwili vinajitembeza Instagram, kwa hiyo picha peke yake hazisaidii. Picha ya wiki ya tatu ni uvimbe. Omba ya mwaka mmoja. Kisha muulize daktari: kwa mbinu hii hasa, mwaka uliopita umefanya mara ngapi, na wangapi walirudi chumba cha upasuaji? Simwogopi anayejibu "wachache walirudi, kwa sababu hizi na hizi". Namwogopa anayesema hakuna hata mmoja. Cheti cha JCI, shirika la kimataifa linalokagua hospitali, kilichotundikwa mapokezi ni kizuri, ila kinapima mifumo ya hospitali: dawa zinavyotunzwa, mgonjwa anavyotambuliwa, mikono inavyooshwa. Hakisemi lolote kuhusu mkono wa mpasuaji wako.

Kuna dalili moja ninayoiamini sana. Kanuni za Baraza la Madaktari la Thailand za mwaka 2009 zinataka tathmini ya madaktari wa akili wawili kabla ya upasuaji wa sehemu za siri. Mwongozo wa mwaka 2022 wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu trans, umelegeza, barua moja inatosha. Kliniki ya Thailand inayokuambia "lete pesa tu, barua hatuhitaji" imekwisha kukuonyesha inavyozitendea sheria nyingine.

Tuseme umechagua. Kuna sehemu mbili za bajeti ambazo watu hukata, na mimi ndiye ninayeona matokeo. Ya kwanza ni siku za kukaa. Kurudi nyumbani kwa ndege ya mwendo wa saa tisa ukiwa bado na kidonda kibichi ni hatari ya damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni, zaidi kwa anayevuta sigara. Sigara yenyewe iachwe wiki kadhaa kabla, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo inayolisha ngozi iliyohamishwa, na ngozi isiyolishwa hufa. Kuhusu homoni fuata maelekezo ya mpasuaji wako, wala usijiamulie. Ukiambiwa wiki nne, kaa nne, hata kama chumba ni cha bei ya chini na unapika mwenyewe. Okoa kwenye hoteli, usiokoe kwenye kalenda.

Ya pili ni fungu la akiba. Mimi hupendekeza robo ya bei yote ibaki bila kuguswa hadi mwaka upite. Mgonjwa mmoja alinijia akiwa na tundu dogo kati ya uke mpya na utumbo wa mwisho. Alianza kwa kuona hewa inatoka kusikostahili, kisha kinyesi. Kliniki iliyomfanyia ilikuwa tayari kumrekebisha bure, na ilisema kweli. Ila tiketi, viza, chakula na mwezi mwingine bila mshahara vilikuwa juu yake, na akiba yake yote ilikuwa imekwenda kwenye upasuaji wa kwanza. Alikaa na pedi miezi mingi kabla ya kupata njia.

Kitu ambacho hakiuzwi na karibu hakuna anayekiomba ni ripoti ya upasuaji, ile anayoandika mpasuaji mwenyewe. Muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini hautoshi. Iombe kwa Kiingereza kabla hujalipa sehemu ya mwisho. Iseme ni ngozi ipi ilitumika, kina ni sentimita ngapi, kama tezi dume imeachwa (kwa kawaida huachwa, na uzeeni itahitaji kuangaliwa), mpira wa mkojo ulitolewa lini. Ukipata shida ukiwa Mombasa au Mwanza, usianze na daktari wa urembo. Mtafute mpasuaji wa fistula au wa njia ya mkojo, na mpe karatasi hiyo. Huenda hajawahi kuona uke wa aina yako, lakini matundu kama hayo ameyaziba kwa wanawake waliojifungua kwa taabu, na akijua ni ngozi gani iko ndani, atajua pa kuanzia.