Kimeng'enya si mdudu, wala si cha tumboni peke yake

Mwezi huu nimelisikia mara tatu kosa la kukiita kimeng'enya kitu kilicho hai. Ya kwanza kwa muuza dawa za unga, akiwaapia wateja kwamba ndani ya kopo lake mna "vimeng'enya hai". Ya pili redioni. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu, nyumbani kwetu hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu, amekuja likizo na daftari lake la bayokemia. Mama yangu, yaani bibi yake, akamwuliza anasoma nini.

"Vimeng'enya, Bibi. Ni vijidudu vidogo sana vya tumboni, kazi yake kusaga chakula."

"Na vikifa?"

"Ndipo mtu huvimbiwa."

Sikumkatiza mbele ya bibi yake, lakini maneno yale yaliniuma.

Maana yenyewe ni fupi. Kimeng'enya, au enzaimu, ni molekuli, karibu kila mara protini, ambayo kiumbe hai huitengeneza ili iharakishe mmenyuko fulani wa kemikali, yaani kitu kubadilika kuwa kitu kingine. Mmenyuko ukiisha, molekuli hubaki vile vile ilivyokuwa, tayari kuanza tena. Kila kimoja kina kazi yake kwa sababu kina umbo lake. Basi. Mambo ya joto, uasidi na kasi yanayojaza kurasa za daftari yote yanatoka hapo.

Shida iko kwenye jina. Chuoni somo hufundishwa kwa Kiingereza, na kijana akitaka kumweleza bibi yake hutafuta neno la Kiswahili, nalo neno lenyewe humvuta upande mmoja. Kumeng'enya ni kukivunjavunja chakula mpaka mwili uweze kukifyonza. Weka ki- mbele yake, umepata kitu chenye kumeng'enya. Kisarufi halina kasoro, na kwa mate na utumbo limekaa sawasawa. Lakini limeshika kazi moja kati ya nyingi. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kimeng'enya kisichokutana na tonge hata siku moja: chenyewe huunganisha kaboni dayoksaidi na maji, ili ile kaboni dayoksaidi isafiri na damu mpaka mapafuni itolewe. Molekuli yake moja yaweza kuifanya kazi hiyo kiasi cha mara 1,000,000 kwa sekunde. Kingine kimo ndani ya kiini cha seli, kinaunga nyuzi za DNA, molekuli ya urithi, zilizokatika. Huko ni kuunga, wala hakuna kinachomeng'enywa.

Wenzetu wa Ulaya jina lao walilitoa mahali pengine kabisa. Enzaimu ni Kigiriki: en ni "ndani ya", na zyme ni "chachu". Aliyeliunda, miaka ya 1870, ni Wilhelm Kühne, mwanafiziolojia Mjerumani wa Heidelberg. Na tazama ajabu yake: Kühne alikuwa akichunguza umeng'enyaji hasa, ndiye aliyeipa jina tripsini, kimeng'enya kinachotokana na kongosho, na bado akaenda kwenye chachu kutafuta jina. Kwa nini? Kwa sababu wakati ule neno moja, fermenti, lilibebeshwa vitu viwili. Hamira yenyewe, ambayo ni hai, iliitwa hivyo, na iliitwa hivyo pia pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ambayo si hai na hufanya kazi hata ndani ya chupa, mbali na mnyama iliyotoka. Kühne alitaka hivi vya pili viwe na jina lao. Yaani neno hili lilizaliwa ili kuondoa kosa lile lile alilolisema mpwa wangu, kosa la kukichanganya kilicho hai na kisicho hai. Ndiyo maana siwezi kulinyamazia.

Na jambo hilo, kwamba kimeng'enya hufanya kazi bila seli hai, lilichukua muda kuthibitika. Mwaka 1897 Eduard Buchner aliisaga hamira kwa mchanga mpaka seli zikapasuka, akayakamua maji yake, kisha akatia sukari nyingi ili maji yale yasiharibike, kama mtu anayehifadhi jamu. Maji yakaanza kutoa mapovu! Seli nzima haikuwamo, na sukari ilikuwa ikigeuka kuwa alkoholi na kaboni dayoksaidi, gesi ile ile inayoumua unga wa mahamri. Mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Jioni nilimwita mpwa wangu jikoni. Dada yangu alikuwa ameipaka papai bichi nyama ya mishkaki, na utomvu mweupe ulikuwa bado unanata kwenye kisu. Nikamwambia akibonyeze kipande kimoja. Nyuzi zilikuwa zimeshalegea, kidole kikazama.

"Hapa pana tumbo?"

"Hapana, Mjomba."

"Pana mdudu?"

Akatikisa kichwa. Ni papaini, protini ya mpapai, imo kwenye ule utomvu. Ndiyo sababu mapishi yanataka papai bichi, kwa kuwa likiiva utomvu hupungua. Kando yake palikuwa na bakuli la hamira, maji ya vuguvugu na sukari kidogo, povu limepanda mpaka ukingoni. Mle ndani mlikuwa na vyote viwili: hamira iliyo hai, na ndani ya kila seli yake vimeng'enya visivyo hai. Ukimimina maji yanayochemka, hamira hufa. Vimeng'enya havifi, maana havikuwa na uhai wa kutoka. Hukunjuka tu, kama ute wa yai unavyokuwa mweupe kikaangoni, na umbo likishapotea kazi nayo haipo.

Sikumwambia aliache neno kimeng'enya. Ni neno letu na watu wamelizoea. Nilimwomba mawili: asiseme "cha tumboni" mpaka ataje ni kipi, na penye habari ya joto aandike "kimeharibika umbo", neno kufa aiachie hamira. Akafuta mstari daftarini, akarudi kwa bibi yake kumweleza upya, na kutoka jikoni nikamsikia akianzia kwenye mahamri.